Samaki Asigande, Tui Lisikatike: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kupika Samaki Nyumbani

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimefuata kila kitu, mbona samaki ameganda kwenye kikaango na ngozi yote imebaki chini?" Linalofuata ni la tui kukatika. Nikidadisi kidogo nakuta kosa halikufanyika kwenye moto. Samaki alinunuliwa akiwa amechoka, au hakuwa wa kukaangwa, au aliingia kwenye mafuta huku akichuruzika maji. Jiko linalaumiwa bure.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia sokoni. Nanunua samaki wangu wengi Feri, Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi ni ya huko, lakini sato na dagaa wa ziwani nimewapa nafasi yao. Pweza na ngisi nimewaacha. Wale wana mambo yao.

## Vitu vya kuandaa

Kwa samaki wa kilo moja na nusu, wa kutosha watu wanne au watano:

- Ndoo yenye mfuniko, na barafu
- Kisu kikali, na kisu butu cha kuparia magamba
- Kitambaa safi cha pamba, au karatasi za jikoni
- Kikaango kizito au karai
- Wavu au chujio pana la kuchujia mafuta
- Chumvi vijiko 3 vya chai, visivyojaa kilima
- Ndimu 2
- Kitunguu saumu punje 6 na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vitwangwe pamoja
- Bizari ya manjano kijiko 1 cha chai, na pilipili manga nusu kijiko
- Mafuta ya kula nusu lita
- Ukitaka mchuzi: nazi 2, vitunguu maji 2, nyanya 4 zilizoiva na pilipili mbuzi 1

Kitambaa ndicho watu wanachokiruka wakisoma orodha hii. Kati ya vyote hivyo, hicho ndicho kitakachokuokoa.

## Hatua ya 1: Nenda sokoni na mapishi mawili kichwani

Ukienda umeshaamua "leo nakaanga changu", utamnunua changu hata akiwa amelala tangu juzi. Panga pishi la kwanza na la akiba, kisha soko ndilo likuamulie.

Bahari nayo ina ratiba yake. Kusi inapovuma, kati ya Aprili na Septemba hivi, maji huchafuka, vyombo vidogo haviendi mbali na samaki hupanda bei. Dagaa nao huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu ya kuwavuta. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu usishangae wakiadimika.

### Nani anafaa wapi

Changu, tasi, kolekole mdogo na sato ni wa kukaangwa wazima. Nyama yao imeshikana na ngozi inahimili mafuta. Kama hujawahi kukaanga samaki akatoka mzima, anza na changu au sato wa kati ya robo na nusu kilo. Mkubwa zaidi ataungua nje kabla ya kuiva ndani.

Nguru hukatwa vipande. Hana miiba midogo ya kusumbua, hivyo ni mzuri kwa watoto na wageni. Tatizo lake ni kukauka: akizidishiwa dakika tatu tu, unatafuna pamba. Jodari ni vivyo hivyo, tena zaidi. Vipande vyao viwe na unene wa kidole gumba, kwa sababu chembamba hukauka kabla hakijapata rangi.

Kibua ana mafuta yake mwenyewe, ni wa bei nafuu na hapendi makuu. Mchome. Mafuta yake yakidondokea makaa, ule moshi ndio kiungo.

Chewa ni wa supu na mchuzi, hasa kichwa chake. Sangara, ambaye Kisumu wanamwita mbuta, ana minofu minene isiyo na ladha kali. Anafaa mchuzi wa viungo vingi, au kukaangwa vipande vilivyopakwa unga. Kambale hana magamba ila ana utelezi, na utelezi usipoondolewa mchuzi mzima hunuka tope.

Pono nimemweka mwisho kwa makusudi. Anavutia kwa rangi, na ndivyo alivyoninasa. Kijana aliyekuwa anamparia aliniambia, "Dada, huyu wa chukuchuku huyu." Nikamjibu nitamkaanga. Akacheka: "Haya, utaniletea habari." Nyama ya pono ni laini na ina maji mengi, ilipofika zamu ya kumgeuza, aligeuka vipande kumi na tano. Jioni ile tulikula kitu ambacho mume wangu alikiita sambusa isiyo na manda. Pono mchemshe kwa maji kidogo, chumvi, ndimu, nyanya na pilipili nzima, dakika kumi na mbili hivi. Hiyo ndiyo chukuchuku, na hapo hana mpinzani.

## Hatua ya 2: Mkague kabla ya kuuliza bei

Wengi huangalia macho tu. Macho mang'avu yaliyotuna ni dalili nzuri, lakini barafu ikiyagusa huingia ukungu hata kama samaki ni mzima kabisa. Muuzaji naye akimwagia maji kila dakika, samaki wa jana anang'aa kama wa leo.

Nenda kwenye matamvua. Ingiza kidole gumba chini ya kifuniko cha shavu ukiinue. Ndani unataka wekundu wa damu mbichi, nyuzi zilizoachana, na ute mwepesi usio na rangi. Yakiwa ya kahawia, ya kijivu, au yameshikana kama uji uliopoa, mrudishe mezani. Muuzaji akikukatalia kuinua shavu, ameshakujibu.

Kisha bonyeza mgongo kwa kidole. Nyama ya samaki mzima hurudi palepale. Iliyochoka hubaki na shimo. Tumbo liwe limekaza, lisiwe limepasuka wala kulegea. Mnuse: samaki mzima hunuka bahari au ziwa, hanuki "samaki". Papa na taa (yule samaki bapa mwenye mkia mrefu) wakianza kuharibika hutoa harufu kali ya kuchoma pua, mfano wa mkojo, na hakuna ndimu itakayoiondoa.

Kwa vipande, angalia karibu na uti. Nyama iliyoanza kuachana na mfupa, au damu iliyogeuka kahawia, ni ya zamani.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: jodari, nguru na kibua wakikaa kwenye joto, ndani ya nyama hutengenezwa histamini. Haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Mtu huwaka uso, huwashwa mwili na kuumwa kichwa, pengine dakika chache tu baada ya kula. Samaki hao wakikuwasha ulimi kama pilipili ambayo hukuitia, tema, mwaga chakula, na anayejisikia vibaya apelekwe hospitali. Ya pili: bunju, yule anayejijaza akawa kama mpira, usimguse hata ukipewa bure. Sumu yake huua, na moto hauiharibu.

## Hatua ya 3: Barafu kabla ya daladala

Kilo moja ya samaki, kilo moja ya barafu. Najua inaonekana nyingi, lakini saa moja ya foleni mchana inatosha kumharibu samaki uliyemchagua kwa uangalifu wote huo.

Tandaza barafu chini, panga samaki, funika kwa barafu nyingine. Mweke ndani ya mfuko ili maji yanayoyeyuka yasimlowanishe. Ukifika, mkono wako ukimgusa usikie baridi hadi tumboni kwake.

Kwa mlioko mbali na pwani na maziwa, au nje ya Afrika, mnaonunua aliyegandishwa: myeyusheni ndani ya friji usiku kucha, akiwa kwenye bakuli. Kumtumbukiza kwenye maji ya moto hulainisha nyama ya nje wakati ndani bado ni jiwe, na huyo lazima avunjike.

## Hatua ya 4: Kupara na kusafisha

Sokoni wapo wanaopara kwa malipo kidogo, na wana kasi ambayo mimi na wewe hatutaifikia. Hata hivyo, rudia kumkagua nyumbani. Haraka yao huacha vitu.

1. Shika mkia, para kuelekea kichwani. Magamba yamelala kurudi nyuma, kwa hiyo ukipara kinyume yanainuka. Fanya hivyo ndani ya beseni la maji kama hutaki kuyakuta kwenye pazia.
2. Kata mapezi kwanza ikiwa ni tasi. Miiba yake ina sumu. Ikikuchoma utaijua siku nzima. Ukichomwa, tumbukiza mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, maumivu yatapungua.
3. Pasua tumbo taratibu kuanzia chini kuelekea kichwani, ncha ya kisu ikiwa juujuu. Ukizama utapasua nyongo, na uchungu wake hauoshiki.
4. Toa matamvua yote. Ndiyo huanza kuoza.
5. Fungua tumbo utazame chini ya uti wa mgongo. Kuna mstari mweusi wa damu umefunikwa na utando. Upasue, uukwangue kwa kucha au kijiko hadi mfupa uonekane mweupe. Wanaolalamika kwamba samaki wao "ana shombo" karibu wote wameuacha huu.
6. Suuza haraka kwa maji baridi, basi. Usimloweke. Nyama hunywa maji, na maji hayo utayakuta kwenye mafuta.

Kambale msugue kwa chumvi nyingi au majivu hadi utelezi utoke kama povu, kisha suuza na urudie. Ngozi ikianza kukwaruza kidole badala ya kuteleza, umemaliza.

Mwisho, chanja ubavu mara tatu kila upande, mshazari, kisu kikaribie mfupa. Viungo vinaingia, na sehemu nene ya mgongoni inaiva sambamba na mkia.

## Hatua ya 5: Chumvi, kitambaa, ndipo viungo

Mpangilio huu ndio moyo wa mwongozo wote. Watu wengi huchanganya kila kitu kwenye bakuli moja, wakaacha saa tatu, wakatumbukiza kwenye mafuta na supu yake. Kisha wananiandikia.

Kwanza chumvi peke yake. Paka nje, tumboni na ndani ya chanjo. Muache dakika 15 hadi 20 juu ya wavu au sahani iliyoinamishwa. Chumvi itavuta maji; utayaona yamekusanyika kama jasho. Nyama nayo hukaza.

Kisha mkaushe. Gandamiza kitambaa nje na ndani, usisahau tumbo. Geuza kitambaa upande mkavu, rudia. Ngozi ikishika kidole kidogo kama gundi inayokauka, hapo sawa. Ikiteleza, bado.

Sasa viungo. Saumu na tangawizi iliyotwangwa, pilipili manga na bizari, viwe vizito kama lami, si rojo. Visukumie ndani ya chanjo na tumboni zaidi kuliko juu ya ngozi, kwa sababu saumu ikibaki juu huungua na kuwa chungu.

Ndimu iwe ya mwisho, nusu tu, na isizidi nusu saa kabla ya moto. Ukali wake huanza kuivisha nyama: utaona imegeuka nyeupe, na ukiikaanga inakuwa kama chaki. Ndimu iliyobaki ipeleke mezani. Na wale wanaodhani ndimu nyingi humfufua samaki aliyeoza, hapana. Unapata samaki aliyeoza mwenye ndimu.

## Hatua ya 6: Kukaanga bila kuganda

Weka kikaango kitupu motoni hadi kipate joto hasa, ndipo umwage mafuta, yafikie nusu ya unene wa samaki. Nyama mbichi ikikutana na chuma chenye uvuguvugu hushikana nacho. Ikikutana na mafuta ya moto wa kutosha, hujijengea ganda kabla ya kushikana.

Kupima, chovya ncha ya mwiko mkavu wa mbao. Vipovu vidogo vikiuzunguka kwa haraka, yako tayari. Vikitoka kimoja kimoja, subiri. Mafuta yakianza kutoa moshi yamezidi. Epua kikaango dakika moja.

Mlaze samaki kwa kuanzia upande wako kwenda mbele, ili mafuta yakiruka yasikurukie. Waweke wawili au watatu, wasigusane. Ukijaza kikaango joto hushuka, na badala ya kukaanga utakuwa unachemsha kwenye mafuta.

Sasa kazi ngumu kuliko zote: usimguse. Dakika nne za kwanza weka mwiko chini na uende kukatakata kachumbari. Sikiliza. Mwanzo ni kelele nyingi, maji ya juu yanatoka. Kelele ikipungua na kuwa mlio wa chinichini, msukume kidogo kwa ubavu wa mwiko. Akiteleza, mgeuze. Aking'ang'ania, hajawa tayari. Mpe dakika nyingine moja. Ganda likikamilika anajiachia mwenyewe, na nguvu yoyote kabla ya hapo ndiyo inayomvua ngozi.

Mgeuze mara moja tu. Sato wa nusu kilo huchukua dakika tano hadi sita kila upande. Kwa samaki yeyote kadiria dakika kumi kwa jumla kwa kila inchi ya unene, kisha hakikisha kwa uma kwenye sehemu nene nyuma ya kichwa: nyama iachane na mfupa, iwe nyeupe isiyopitisha mwanga, na kusiwe na damu kwenye uti.

Mchujie juu ya wavu, si kwenye sahani iliyofunikwa. Mvuke ukinaswa, ganda lote ulilolihangaikia hulainika.

Tahadhari: mafuta yakishika moto, zima jiko na funika kwa mfuniko wa chuma. Maji kamwe.

## Hatua ya 7: Mchuzi wa nazi usiokatika

Zikune nazi zote mbili. Kamua kwanza kwa kikombe 1 cha maji ya vuguvugu: hilo ndilo tui zito, liweke pembeni. Machicha yaleyale yakamue tena kwa vikombe 2: hilo jepesi.

1. Kaanga vitunguu kwa mafuta kidogo hadi vilegee. Tia saumu, tangawizi na bizari, dakika moja, kisha nyanya. Zipike hadi mafuta yaelee juu, kama dakika kumi. Nyanya isiyoiva ina uchachu, na uchachu ndio hukata tui.
2. Mimina tui jepesi, koroga mpaka lichemke.
3. Panga samaki na pilipili nzima. Aliyekaangwa apate dakika tano. Mbichi dakika nane hadi kumi. Kuanzia hapa mwiko usiingie. Shika sufuria kwa kitambaa uitikise, na mchuzi uteke kwa upawa umwagie juu.
4. Punguza moto uwe mdogo kabisa. Mimina tui zito, endelea kuteka na kumwagia. Likianza kutetemeka pembeni bila kutokota, hesabu dakika tatu, epua.
5. Ndimu au ukwaju, baada ya kuepua.

Mchuzi uliofaulu ni laini, umeshika mgongo wa kijiko, na una matone machache tu ya mafuta juu. Ukiona chembe nyeupe kama maziwa yaliyoganda, limekatika. Linalika, ladha ipo, ila halirudi. Tui la boksi nalo hukatika vilevile, usidanganyike.

Samaki wa kupaka ni habari tofauti: huyo huchomwa karibu aive, tui zito lenye ukwaju na viungo likapikwa pembeni hadi likawa zito la kupakika, kisha akapakwa na kurudishwa kwenye makaa. Pale hata likitoa mafuta si kosa.

## Na dagaa?

Dagaa, au omena kwa wa Kisumu, au ndagala kwa wa Bujumbura, shida yao ni mchanga na uchungu. Nunua waliokaushwa juu ya chanja, si waliotandazwa chini. Wawe na rangi ya fedha; waliogeuka njano au wekundu mafuta yao yameshaharibika.

Toa vichwa na matumbo kwa mkono. Ndiyo, inachosha, itisha watoto. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne, kila mara uwainue kutoka juu badala ya kumwaga maji, maana mchanga umekaa chini na ukimwaga unawarudishia. Chuja, kisha wakaange kwenye kikaango kikavu bila mafuta hadi waanze kulia wakigongana. Baada ya hapo ndipo mafuta, vitunguu, nyanya na ndimu.

## Waliobaki

Samaki mbichi aliyeparwa akae kwenye friji siku moja, mbili ukizidi sana, na asikae mlangoni ambako baridi ni hafifu. Wa kukaanga akilala, usimkaange tena. Mtie kwenye mchuzi wa nazi (Hatua ya 7, namba 3). Na kichwa cha chewa kikibaki usimpe paka kabla hujakichemsha kwa ndimu na pilipili, ukala mwenyewe jikoni ukiwa umesimama.